Tambi Zilizopoa Palermo

"Narudi sasa hivi," Liborio aliniambia huku akivaa kofia yake. "Napiga simu tu hapo kwenye baa ya kona. Wewe agiza."

Nikaagiza sahani mbili za tambi za dagaa, moja yake na moja yangu. Zililetwa zikifuka moshi, zimechanganywa na zabibu kavu, zimenyunyiziwa juu chenga za mkate zilizokaangwa, na majani ya shamari ya porini yakanukia mpaka nikakumbuka jiko la mama. Niliiweka sahani yake upande wake, nikapanga uma wake, nikamjazia maji. Halafu nikaanza kungoja, na Liborio hakurudi.

Sijui kama wewe umewahi kukaa peke yako kwenye mgahawa wa Palermo, msichana wa miaka ishirini, kidole hakina pete, mbele yako sahani mbili na kiti kisicho na mtu. Kama hujawahi, usitamani. Wanaume wa meza ya dirishani waliacha kutafuna. Mama mmoja mnene alinikagua kuanzia viatuni, akapanda polepole mpaka kwenye nywele, kisha akamwambia mumewe abadilishe kiti ili anipe mgongo. Mume alibadilisha, lakini shingo yake iligoma.

"Bibie," alisema Saro, mwenye mgahawa, mzee mwenye taulo begani, "tambi hazina subira. Kula, bwana atakukuta."

"Nitamngoja."

"Amekwenda mbali?"

"Amekwenda kupiga simu."

"Aa," alisema Saro, akaitazama ile sahani ya pili, akaenda zake. Ile "aa" yake sikuipenda. Niliinama nikatazama chini ya meza. Mkoba wa Liborio, ule wa vyombo vyake vya kazi ambao hauachi hata akienda kanisani, haukuwapo.

Mtu anayekwenda kupiga simu kona ya mtaa anabeba mkoba wa nini?

Kwetu mlimani kuna namna mbili za kuoana. Ama baba akubali, ama mtoroke. Mkitoroka mkalala nje ya nyumba, basi msichana amekwisha kuwa wa yule kijana, apende asipende. Baba atafoka, kaka atasafisha bunduki, mama atalia mpaka sauti imkauke, na mwisho ataitwa padri. Hakuna mwanamume mwingine atakayemtaka tena. Kwa hiyo kabla ya kutoroka msichana huwa anajiuliza swali moja tu: huyu nitakayetoka naye, hataniacha njiani? Mimi nilijiuliza, nikajijibu, na sasa jibu langu lilikuwa limebeba mkoba wake na kuondoka.

Liborio ni fundi wa mashine za cherehani. Anapita mji hadi mji, nyumba hadi nyumba, anatengeneza mashine za akina mama. Alikuja kwetu mara ya kwanza kwa sababu cherehani ya mama ilikuwa inakata uzi. Mara zilizofuata ilikata uzi kwa sababu mimi nilikuwa nalegeza skrubu. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa akimwona Liborio analamba uzi na kuupitisha kwenye tundu la sindano huku macho yake yako kwangu, akaguna tu. Baba naye hakuwa mjinga, ila yeye hakuguna. Alisema fundi anayeingia nyumba za watu wakati wenye nyumba wako shambani hatapata binti yake hata akija na farasi wa dhahabu. Kisha akanitafutia Gesualdo, mwenye mashamba ya lozi, mwenye umri wa baba mdogo, ambaye siku ya kunitazama alinishika kidevu akanigeuza uso huku na huku kama anayenunua punda.

Tukatoroka, tukaja Palermo.

Mchana wa kwanza tulikula pweza wa kuchemsha kwenye mgahawa wa sokoni, mezani ndimu na chumvi basi. Liborio alisema hajawahi kula pweza laini namna ile. Mimi nilitafuna kipande kimoja mpaka kikawa kamba, maana kila mwanamume aliyepita na kofia nilimwona ni Cataldo kaka yangu. Jioni akanipeleka pahali penye vitambaa vyeupe mezani, tukaletewa biringanya zilizoungwa kwa siki na sukari, na nduaro wa kuchoma. Alinilisha kwa uma wake. Nilicheka. Mikono yake ilikuwa bado inanukia mafuta ya mashine, na nikafikiri, hii ndiyo harufu nitakayozeeka nayo. Hapo hapo mwanamke mmoja barabarani akapaza sauti, "Ninfa! Wee Ninfa!" Anamwita mtoto wake mdogo, kumbe. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha angusha glasi na nusu ya samaki.

"Utakufa kwa woga kabla sijakuoa," Liborio alisema, akiokota vigae.

"Si wewe unayechelewa?"

Maana hilo nalo lilikuwepo. Liborio alikuwa hajanigusa. Alinipeleka kulala kwa mama yake wa ubatizo, Mama Nunziata, mjane anayekoroma, ambaye alitandika godoro lake kwenye mlango wa chumba nilicholala. Liborio mwenyewe alilala karakana kwa fundi mwenzake, juu ya mbao. Nilipomuuliza kwa nini, aliona haya, akaniambia, "Acha nifanye mambo kwa heshima." Jamani! Nimeruka dirisha la nyumba ya baba yangu na viatu mkononi, halafu mtu ananiambia heshima.

Basi nilikuwa hapo, natazama tambi zinavyoganda, mafuta yanageuka meupe pembeni mwa sahani, mlango ukafunguliwa.

Alikuwa baba.

Alikuwa amevaa suti yake ya mazishi. Alisimama mlangoni akizungusha macho meza hadi meza, na watu waliinamisha vichwa, ingawa hawamjui. Aliponiona hakubadilika uso. Nje ya kioo, nyuma ya bega lake, nililiona lori la lozi la binamu yetu, na Cataldo ameliegemea, mkono mmoja ndani ya koti.

Miguu ilinisimamisha yenyewe. Kwetu mtoto hamwoni baba yake asiombe baraka. Hata mkigombana asubuhi, jioni unaomba, naye anajibu.

"Nibariki, baba."

Baba hakujibu.

Maishani mwangu mote hajawahi kutojibu. Hata siku nilipovunja mtungi wa mafuta alinibariki kwanza ndipo akanipiga. Alivuta kiti cha Liborio akakaa, kofia kichwani.

"Kaa."

Nikakaa.

Alitazama meza, akanyoosha mkono, akaugeuza mkate wa ufuta uliokuwa umelala uso chini, akauweka sawa, maana kwetu mkate kulala hivyo ni nuksi. "Nani ameulaza mkate kifudifudi?"

"Sikuona, baba."

"Nyumbani ulikuwa unaona." Akatazama sahani iliyokuwa mbele yake. "Hii ya nani?"

"Ya Liborio."

"Yuko wapi?"

"Amekwenda kupiga simu."

"Kumpigia nani?"

"Sijui, baba."

"Hujui." Aliigusa sahani kwa nyuma ya kidole. "Imepoa. Mtu anayerudi haachi chakula kikapoa namna hii."

Saro alikuja na taulo lake, akamtazama baba, akanitazama mimi, akarudi jikoni bila kuuliza kitu.

"Mama hajambo?" niliuliza.

"Anashona. Toka umeondoka anashona tu, hali, halali." Alishusha sauti. "Sikiliza, Ninfa. Kwetu hakuna anayejua. Tumesema umekwenda kwa shangazi yako aliye mgonjwa. Gesualdo ametuma salamu na kapu la lozi. Hajui kitu."

"Baba..."

"Sijamaliza. Jana huyo fundi wako alimpigia simu kinyozi wa kwetu. Kinyozi akanifuata mpaka shambani, mimi peke yangu, na unajua yule ndiye kinyozi pekee duniani anayejua kunyamaza. Unajua fundi wako alisema nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Alisema, 'Mwambie Don Baldassare kesho mchana tutakula kwa Saro, nyuma ya soko. Mwambie binti yake analala kwa mama yangu wa ubatizo. Mwambie sijamgusa.'"

Kumbe Liborio ndiye aliyemwita. Aliinua simu jana, akataja nilipo, akasema maneno yale, halafu usiku akaniaga kwa Mama Nunziata na tabasamu lile lile. Mtu anasema "sijamgusa" kwa nini? Si anarudisha mali ya watu? Si anasema, mchukueni mzigo wenu, haujafunguliwa? Na leo anaondoka na mkoba. Ndivyo akili yangu ilivyonipeleka, na kila nilipojaribu kuizuia nilikiona kile kiti, na aliyekaa ni baba.

"Sasa nataka neno moja kutoka kwako," baba alisema. "Moja tu. Alivyosema ni kweli?"

"Kweli ipi?"

"Usinichezee. Amekugusa, hajakugusa?"

Mama mnene wa meza ya pili aliacha hata kujifanya anakula.

"Ukisema hajakugusa," baba aliendelea, "unapanda lori, jioni uko nyumbani, mama yako anamalizia nguo yako ya harusi, na hili jambo tunalizika hapa, kwenye meza hii. Sitalitaja tena mpaka nakufa. Naapa."

Nilijua angetimiza. Baba hana maneno mawili. Ningerudi, ningevaa ile nguo nyeupe aliyoishona mama ua moja moja, ningepita katikati ya kanisa mchana kweupe, na mwisho wa zulia angekuwa amesimama Gesualdo, ananingoja anishike kidevu.

Na nikisema amenigusa? Nilitazama nje. Cataldo alikuwa hajautoa mkono kwenye koti. Na kama Liborio ameshapanda gari moshi, yuko njiani kwenda kutengeneza cherehani za wanawake wengine, mimi nitakuwa nimejifungia mlango mwenyewe na ufunguo nimeutupa nje. Nitazeeka kwenye chumba cha nyuma, nazungumzwa jikoni kwa watu. Niliogopa kuliko siku ile dirishani. Kule dirishani alikuwepo mtu chini, ameinua mikono, ananiambia ruka. Leo chini hakuna mtu.

"Si kweli," nilisema.

"Nini si kweli?"

"Alivyosema. Si kweli, baba."

"Sema vizuri. Nataka nisikie."

"Amenigusa. Mimi ni wake."

Mkono wa baba uligonga mkate, ukaanguka sakafuni. Hakupiga meza, hakupiga kelele. Aliinama, akauokota, akaubusu kama tunavyofanya kwetu mkate ukianguka, akaurudisha mezani uso juu. 

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Asiporudi?"

Niliitazama sahani ya Liborio.

"Nakuuliza wewe. Kiti hiki kikibaki kitupu?"

"Nitakuwa hivyo hivyo nilivyo."

"Na akirudi, nguo ya mama yako inakwenda sandukuni. Hutaivaa. Wanaotoroka wanaolewa alfajiri, altare ya pembeni, mlango mkubwa umefungwa, kama wezi. Umelijua hilo?"

"Ikae sandukuni," nilisema, na hapo ndipo machozi yalinishinda, maana nilimwona mama amejikunja kwenye mashine, miwani puani, anahesabu petali.

Baba alifungua mdomo kusema kitu. Hakukisema, kwa sababu nje kulipigwa ukelele.

Niligeuka. Liborio alikuwa amebanwa kwenye ubavu wa lori. Cataldo amemkaba shati kwa mkono mmoja, na ule mwingine umetoka kwenye koti, na ulikuwa na ngumi tupu, namshukuru Mungu na watakatifu wote, ngumi tupu, ikashuka mdomoni mwa Liborio. Kofia iliruka. Mkoba ukaanguka ukafunguka, bisibisi na vijichupa vya mafuta vikatawanyika barabarani. Liborio hakuinua mkono kujikinga.

"Cataldo! Mwache!" Nilikuwa nimeshaifikia meza ya mlangoni.

"Rudi ukae," baba alisema.

"Atamuua, baba!"

"Kaa, nimesema."

Hakusimama. Alichukua uma akagonga kioo kwa kipini chake. Cataldo aligeuka. Baba alimtikisia kichwa. Cataldo akaachia, akatema mate chini, akarudi kuegemea lori. Liborio aliokota vyombo vyake kwanza, kimoja kimoja, akavirudisha mkobani, ndipo akaingia. Mdomo ulikuwa unatoka damu, ukosi umeng'oka. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani petu.

"Don Baldassare. Nilikuwa stesheni. Nimengoja kila basi na kila gari moshi. Sikukuona."

"Nimekuja na lori."

"Ndiyo, nimeliona sasa hivi." Alijifuta kwa mkono wa shati. "Nilitaka unione mimi kabla ya kumwona yeye. Nilijiambia, kama ni kupiga, unipige mimi hukohuko, hasira ziishe, ndipo uje kwa mtoto wako." Kisha akanigeukia. "Nisamehe. Nilikudanganya kuhusu simu. Ningekwambia ukweli usingekula."

"Na hivi unaona nimekula?" nilisema, na nikaanza kulia na kucheka pamoja, maana alikuwa amerudi. Hata wangemfunga, hata wangenipeleka mwisho wa dunia, hilo lilikuwa limekwisha kutendeka: alirudi, na alikwenda kule kwa ajili ya kupigwa badala yangu.

Furaha yenyewe haikudumu hata muda wa kumeza mate.

"Kijana," baba alisema. "Wewe ulimwambia kinyozi hujamgusa binti yangu."

"Ndiyo."

"Binti yangu ameniambia umemgusa."

Liborio alinitazama. Nimetazamwa na Liborio kwa namna nyingi, juu ya cherehani, juu ya sahani, kutoka chini ya dirisha, lakini sijawahi kutazamwa namna ile. Alielewa yote kwa mara moja, kwamba nilisema maneno yale nikiwa mbele ya kiti kitupu. Nami nilimwomba kwa macho: nyamaza, mpenzi wangu, inamisha kichwa tu, useme ndiyo, tumemaliza.

"Hapana," alisema Liborio. "Naapa, Don Baldassare, sijamgusa. Muulize Mama Nunziata. Amelala mlangoni kwake kama mlinzi wa benki."

"Liborio!"

"Siwezi, Ninfa." Alijipangusa damu kidevuni. "Nguo ile nimeiona. Mimi ndiye niliyemtafutia mama yako sindano nyembamba ya kushonea yale maua. Nataka uivae. Nataka upite katikati ya kanisa, mchana, mlango mkubwa umefunguliwa, na baba yako amekushika mkono. Sitaki uingizwe kwa nyuma kwa ajili yangu. Ndiyo maana nilimpigia simu. Nilifikiri baba akijua nimekuheshimu, ataniona mimi ni mtu."

Mpumbavu wangu huyo! Fundi wa mashine za watu wote, moyo wa baba yangu hajui skrubu yake iko wapi. Nguo ataiona, ndiyo, na mlango mkubwa utafunguliwa, na zulia litatandikwa, na mimi nitatembezwa juu yake mpaka kwa Gesualdo. Alikuwa amenirudisha nyumbani kwa maneno yake mwenyewe. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nilisubiri baba asimame, aniambie twende.

Baba alichukua uma wa Liborio. Akausokota kwenye zile tambi zilizoganda, polepole, akajaza mdomo. Akatafuna. Saro alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, taulo mkononi. Baba alimeza, akasokota tena, akala tena, macho yake yakienda kwa Liborio, kwenye ule mdomo unaovuja damu, yakirudi kwangu.

"Mama yako anatia zabibu zaidi," alisema.

"Fundi."

"Naam."

"Unaniambia mimi binti yangu ni mwongo?"

Liborio alirudi hatua moja nyuma. "Hapana, sikusema..."

"Mmoja wenu ni mwongo. Wewe sikujui, umelelewa na watu wengine. Huyu nimemlea mimi. Binti yangu hasemi uongo."

"Lakini, Don Baldassare, naapa mbele ya..."

"Funga mdomo huo!" Baba alimwelekezea uma. "Binti yangu. Hasemi. Uongo. Umesikia?"

Liborio alisimama pale mdomo wazi. Kisha niliona maneno yanamfikia, moja baada ya jingine, na macho yakamjaa maji.

"Nimesikia," alisema.

"Basi umeniharibia mtoto, na utamwoa. Jumamosi, alfajiri, altare ya pembeni. Na hivyo ndivyo utakavyosema kwa padri, kwa kinyozi, na kwa kila mtu mpaka unaingia kaburini. Kinyozi nitampeleka mimi mwenyewe kuapa upya."

"Na Cataldo?" niliuliza.

"Cataldo ni mwanangu, atafanya ninavyomwambia. Ngumi moja ameshapiga, inamtosha." Baba alivua kofia hatimaye, akaiweka gotini. Nywele zilikuwa zimemlowa jasho, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka. Nikakumbuka kwamba kesho atapita uwanja wa kanisa mchana, Gesualdo na wenziwe wamekaa nje ya baa, wanamtazama baba wa msichana aliyetoroka na fundi wa cherehani. Angeweza kupita amenyanyua kichwa, lakini ameamua kuibeba aibu hiyo kwa ajili yangu.

Nilisimama tena, nikazunguka meza, nikainama.

"Nibariki, baba."

Alikuwa anatafuna. Nilingoja, na nilipokuwa nangoja niliogopa tena, labda kuliko mara zote.

"Mungu akubariki," alisema, macho kwenye sahani.

Kisha akakisukuma kiti cha tatu kwa mguu, kikamgonga Liborio gotini. "Kaa ule, unatonesha damu kwenye sakafu ya mtu. Na hizi zimekwisha kuwa gundi. Wewe bwana mwenye taulo! Tuletee nyingine, za moto. Na moja mpelekee yule kijana pale kwenye lori."

Saro alikimbia kama anafukuzwa. Liborio alikaa. Chini ya meza alinishika mkono. Tambi zilipokuja zikifuka moshi, nilijaza mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu tufike Palermo chakula kilinipita kooni.

Baba alikata mkate akatugawia, mimi kwanza, halafu Liborio.

"Nguo ya mama yako," alisema, bila kututazama, "nitaitilia kafuri mwenyewe isiliwe na nondo. Atakuja kuivaa binti yenu." Akapangusa mdomo. "Na huyo, mfundisheni asiseme uongo."